Antena ya kijiti cha feraiti haishiki kitu kule chini 136 na 472 kHz? Anza hapa

136 na 472 kHz ni bendi mbili za chini sana za redio amachua, na kijiti cha feraiti ni ile fimbo nyeusi unafungia koili. Umefunga koili yako, umeweka kapasita, umeunganisha risiva, alafu unaskia ile shhhh peke yake ama kelele ya kutoboa maskio. Usifungue kitu bado. Swali la kwanza ni moja tu: hiyo sauti imeingia kupitia kijiti ama imepitia mlango mwingine? Watu wengi wanabadilisha transista, wanafunga koili upya, wananunua kapasita ingine, na kumbe kijiti hakikuwa na shida hata kidogo.

Jibu unalipata kwa kugeuza. Kijiti cha feraiti kinashika vizuri kitu kinachotoka ubavuni mwake, lakini kwa ncha zake mbili ni kiziwi kabisa. Kwa hivyo kilaze, tafuta stesheni moja ya mbali wakati wa mchana, hata kama ni AM ya kawaida yenye nguvu inapenya tu nje ya pale umetuni, ama bikoni ya ndege kama kuna moja unaiskia, alafu zungusha polepole mzunguko mzima. Sauti ikizama mahali pawili panapoangaliana, kijiti kiko sawa na shida iko mbele kwa sakiti ama iko nje mtaani. Ikikaa vile vile ukizungusha hadi ukachoka, basi hauna antena ya kijiti, uko na antena ya kebo.

Mambo mawili kuhusu hii testi. Usiifanye usiku, ju usiku mawimbi yanashuka kutoka juu kwa pembe tofauti tofauti na pale pa kimya panajaa, utalaumu feraiti bure. Na usitumie osileta (kifaa cha kutoa signali ya kupimia) iko hapo mezani na kakoili kake, kwa umbali huo mdogo mambo yanageuka, ncha ikiangalia ile koili ndio inashika zaidi. Osileta ni ya kutuni, tutaifikia.

Ukigeuza, hakuna kinachobadilika

Hapa ndio shida nyingi ziko, so wacha nikae kidogo.

Kebo kutoka kwa antena hadi kwa risiva iko na ngao ya nje, na hiyo ngao inabeba uchafu wote wa nyumba: chaja ya simu, tivi, ruta, balbu za LED. Uchafu unatembea juu ya ngao mpaka kwa priamplifaya, ile sakiti ndogo ya transista inakuza signali pale kwa antena, unaingia hapo kama mwenye nyumba. Dawa ni kutenganisha. Funga transfoma ndogo ya 1:1 juu ya ringi ya feraiti, raundi 15 upande huu na raundi 15 upande ule, nyaya zisipishane, upande mmoja wa ringi ukiangalia mwingine, alafu ngao ya kebo ya antena isiguse ngao ya kebo ya risiva popote.

Ringi yenyewe si lazima ununue. Vunja pawasaplai ya kompyuta iliyokufa, pale stima inaingilia kuna ringi ama kakipande kamefungwa koili mbili zinazofanana, hiyo ndio unataka, feraiti ya nguvu nzuri sana kwa hizi frikwensi za chini. Ile ringi ya manjano na nyeupe iko upande wa kutokea volti 5 na 12 wachana nayo, hiyo ni unga wa chuma, raundi 15 juu yake hazitakupea kitu. Na kabla uguse ndani hakikisha zile kapasita kubwa zimeisha chaji, zinauma hata siku imepita.

Baada ya kebo angalia saplai ya priamplifaya. Kama unaipea volti 12 kutoka kwa adapta ya ukutani, hiyo adapta inachopachopa stima makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na makombo yake yanaangukia pale pale unasikiliza, kuna zingine msingi wake uko 60 ama 65 kHz, so mara mbili yake ni 120 na 130, na hazikai mahali pamoja, zinaelea. Weka betri ya 9V ama ya pikipiki ujaribu. Laptopu pia ichomoe kwa chaja. Kelele ikiisha umepata mwizi.

Cha mwisho hapa ni koili kushika umeme tuli badala ya sumaku. Utajua ukisogeza mkono karibu na koili na kelele inapanda. Zungushia koili karatasi ya aluminiamu, iunganishe na ngao upande wa ardhi, LAKINI acha mwanya kwa urefu wote, ncha za karatasi zisigusane. Zikigusana umetengeneza raundi moja iliyoshoti kuzunguka kijiti na hapo antena imekufa. Maneno ni hayo hayo kwa klipu za chuma, pete za chuma, ama kufunga kijiti na waya ya kufungia ua. Tumia zipu tai za plastiki ama uzi.

Ukigeuza inazama, lakini kelele bado ni nyingi

Hongera, antena ni nzima, sasa una shida na majirani. Na hapa saa inakusaidia kuliko mita yoyote.

Kelele ikianza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ipande na jua, ife jioni jua likizama, hiyo ni kontrola ya sola ya mtu. Huku kwetu Kenya karibu na ikweta jua halibadilishi ratiba sana mwaka mzima, so hiyo alama haikudanganyi. Ikianza saa moja usiku na ikate kama saa tano, ni tivi na balbu. Ikiwa ni tik, tik, tik, moja kila sekunde hivi bila kukosea, mchana na usiku, ni fensi ya umeme, na watu wa Nakuru walio karibu na ua wa hifadhi ama shamba la mtu wa ng'ombe wa gredi wanaijua hiyo sauti. Ikiwa ni mngurumo mzito wa stima ambao unazidi kiangazi cha Januari vumbi likishika vikombe vya kwa nguzo, na mvua ikinyesha kesho yake imepotea, hiyo ni laini ya stima inatoa cheche, vumbi likioshwa inatulia.

Ukijua ni nini, tafuta iko wapi. Chukua kijiti na risiva ya betri utembee. Tafuta pale pa kimya: sai ncha ya kijiti inaelekea kwa mwizi, mbele ama nyuma. Weka alama kwa ramani ya simu, enda mtaa wa pili urudie, pale mistari miwili inakatana ndio nyumba. Ukiwa karibu sana na nyaya za stima hii hesabu inaharibika juu nyaya zenyewe zinabeba kelele, so fanyia mahali pa wazi, uwanja wa shule ama wa kanisa. Alafu ukifika kwa mlango enda na heshima, "habari za jioni mama, samahani kwa usumbufu", usianze na mambo ya kilohazi. Kuenda na chaja nzuri mkononi ubadilishane na ile ya soko inafanya kazi kuliko maelezo yote.

Kilele hakiko, ama kiko frikwensi ingine

Kilele ni ile frikwensi koili na kapasita zinashika zaidi. Bila kitu cha kupimia utasumbuka. Kama hauna jenereta ya signali, kuna njia ya bei ya soda: kwa bodi za tivi za zamani za PAL kuna kristali ya 4.433619 MHz. Iweke kwa chipu ya CD4060, toa signali kwa mguu wa 5 ambao unagawa kwa 32, unapata 138.55 kHz. Hiyo iko juu kidogo ya bendi ya mita 2200, ambayo ni 135.7 hadi 137.8, na kapasita yako ya kugeuza inafaa kufika zote mbili. Weka kakoili ka raundi chache kwa ile signali, umbali wa mita moja ama mbili, tuni hadi ipige kilele, sasa unajua uko wapi.

Hesabu ya haraka: koili ya 2 mH inataka kama 685 pF kwa jumla kupiga 136 kHz. Kwa bendi ya mita 630, yaani 472 hadi 479, koili ya 400 µH inataka kama 280 pF. Nimesema kwa jumla, hizo zinahesabu na zile pikofaradi za koili yenyewe, za transista na za waya, so kapasita unayoweka ni ndogo kuliko hiyo.

Kilele kikiwa chini sana, hata kapasita ikiwa wazi kabisa, raundi ni nyingi. Hapa usitoe moja moja kama mtu anang'oa nywele. Frikwensi na raundi zinaenda kinyume moja kwa moja kama kapasita haijabadilika: ulifunga 200, umepiga 124 na unataka 136.5, basi 200 mara 124 gawa kwa 136.5, unabaki na 182. Toa 18, umemaliza. Marekebisho madogo yafanye kwa kusogeza koili kwa kijiti, ikiwa katikati L (induktansi, zile mH za koili) iko juu kabisa, ukiivuta kuelekea mwisho inapungua.

Kilele kikipanda ghafla siku moja bila wewe kugusa, angalia kama kijiti kimepasuka. Feraiti inavunjika ikianguka hata kwa sakafu ya sementi ukidhani haikuumia, na ufa wa unene wa karatasi unashusha L. Gluu ya haraka inarudisha, vipande ukivibana kabisa visiache mwanya, lakini tuni upya haitarudi pale pale.

Na kama umefunga raundi nyingi na mita ya L bado inasoma kitu kidogo cha aibu, kijiti si cha kazi hii. Hauwezi kujua kwa macho, vyote ni vyeusi. Vijiti vya redio za zamani za AM, zile ndefu za kukaa mezani, viko salama na kwa mafundi wa soko la Kibuye Kisumu ama pale Nakuru karibu na steji unavipata kwa redio zilizokufa, umuulize tu fundi kama ana gamba la redio ya vipuri. Kirefu na chembamba kinashinda kifupi na kinene. Viwili vikiunganishwa ncha kwa ncha ni bora kuliko kuvirundika pamoja.

Kilele kiko lakini ni kipana na signali ni hafifu

Q ni kipimo cha ubora wa koili, ikiwa juu kilele ni kirefu na chembamba. Koili ya 2 mH yenye Q ya 200 ikiresoneti kwa 136 kHz inaonekana kama ohm 340,000 hivi. Shika hiyo namba kichwani. Sasa mtu anaweka risista ya 100k kutoka geti (mguu wa kuingilia signali) ya transista ya J310 kwenda ardhini juu aliona kwa mchoro wa HF, yaani wa mawimbi mafupi, na Q yake imeshuka hadi karibu 45 hapo hapo. Koili yenyewe inapeleka geti ardhini, hiyo risista haihitajiki, itoe. Kama mchoro wako lazima iwe na risista, iwe meg kadhaa.

Wale hawatumii transista, wanatoa signali na koili ndogo ya pili kwenda kwa kebo ya ohm 50, wanafunga raundi 20 wakidhani nyingi ni nguvu. Fanya hesabu: kwa koili kubwa ya raundi 200 unataka 2 ama 3. Basi. Hata hapo Q itagawanyika nusu, na ni sawa, hiyo ndio mechi.

Waya nayo. Kwa 136 kHz stima inatembea kwa ngozi ya shaba kama 0.18 mm tu, na raundi zikibanana zinasukumana, so waya nene moja haikusaidii vile ungedhani, litzi, waya ya nyuzi nyingi kila mmoja na enameli yake, ndio mambo. Lakini litzi inadanganya: nyuzi nusu zikikatika ama zisiposhika solda, multimita bado inapiga kelele kwamba waya ni nzima. Chukua lenzi uangalie ncha. Kila unywele uwe umeng'aa na solda mpaka ndani, ukiona hata mmoja una rangi ya kahawia bado umevaa enameli, choma tena na solda moto na fluksi mpaka ishike. Moshi wake usiuvute.

Na koili isiyolindwa Kisumu inakunywa unyevu wa ziwa, hasa ile litzi iliyovaa hariri. Q inakuwa nzuri saa nane mchana na mbaya alfajiri. Ikaushe kwa jua, alafu ipake nta ya nyuki iliyoyeyuka, alafu bomba la PVC.

Sasa usiende kutafuta Q ya 400 kwa kujionyesha. Kwa Q ya 200 upana wako ni kama 680 Hz, bendi nzima ni 2,100 Hz, utakuwa unazungusha kapasita kila saa. Mimi naona 100 inatosha mtu yeyote huku. Testi ya kutosha ni hii: tuni polepole kupitia bendi, kelele ikipanda ukifika na kushuka ukipita, antena yako tayari inaskia kelele ya anga juu ya kelele ya transista yake, kuongeza zaidi hakukupi kitu.

Ikipiga mluzi

Priamplifaya inajiskia yenyewe. Waya ya kutokea imepita karibu na kijiti, ama boksi liko sambamba na koili. Sogeza priamplifaya kwa ncha ya kijiti, fupisha waya ya geti, weka risista ya ohm 100 pale kwa geti, na saplai iwe na kapasita ya 100 nF hapo hapo kwa transista. Ikizidi punguza geini, hauihitaji yote.

AM za kawaida zinatokea kila mahali

Ukiskia mtu anasoma taarifa ya habari kwa 137 kHz, priamplifaya ama risiva imezidiwa na transmita ya AM. Risiva za SDR, zile zinafanya kazi na kompyuta, zinaumia zaidi. Weka filta ya kupitisha chini kabla ya risiva, na kama ni transmita moja peke yake, elekeza ncha ya kijiti kwake, dakika mbili na umemaliza bila kununua chochote. Na ujue donglo za kawaida za RTL-SDR tuna yake inaanza kama 24 MHz, bila apukonveta (kifaa cha kupandisha frikwensi) huku chini utakuwa unaskia vivuli. Redio za HF nazo nyingi zimepunguzwa makusudi chini ya 500 kHz, antena inalaumiwa bure. Kwa 472 kuna mtego mwingine: risiva zenye IF (frikwensi ya kati ya ndani ya risiva) ya 455 kHz ziko karibu sana na hapo, signali inaweza kupenya moja kwa moja ikaskika kila mahali ukizungusha daili. Ikiskika kila mahali, si antena.

Inatuniwa asubuhi, jioni imehama

Joto. Boksi juu ya mabati mchana linachemka, na feraiti ikipata joto inabadilika. Lakini mara nyingi mkosaji ni ile kapasita ya seramiki ya bei rahisi. Weka NP0 (seramiki isiyohama na joto), maika ama polistirini, na boksi liwe kivulini.

Mipasuko tu, kra kra kra, usiku mzima

Hiyo ni radi, na magharibi ya Kenya hauwezi kuitengeneza, unaweza kuikwepa kidogo. Mchana ngurumo zinajengwa juu ya nchi kavu, Kericho, Nandi, Kakamega, na usiku zinahamia ziwani, alafu nyuma yake kuna bonde la Kongo ambalo radi yake ni kati ya nyingi zaidi duniani. Zote za usiku ziko magharibi. Ulaya iko kaskazini, imeegemea magharibi kidogo, na Afrika Kusini iko kusini. Laza kijiti mashariki-magharibi: ncha inaangalia ziwa na Kongo, ubavu unaangalia Ulaya na Afrika Kusini kwa pamoja. Ukiwa Kisumu ziwa liko hadi kusini-magharibi so zungusha kidogo kidogo hadi mipasuko ipungue. Haitaisha, lakini mara ingine ni hiyo tofauti unahitaji. Kitu cha kutafuta kwanza ni transmita ya DCF39 ya Burg huko Ujerumani, 138.83 kHz, inatuma kwa vipindi vifupi vinavyojirudia, na iko zaidi ya kilomita 6,000 kwa hivyo ukiiona usiku ujue uko sawa.

Ngurumo zikianza kukaribia, kabla zifike juu yako, chomoa kebo, itupe nje ya dirisha kabisa, mambo ya kusikiliza baadaye.

Unaona mistari ya WSPR kwa skrini lakini haisomi

WSPR ni signali hafifu za amachua zinazosomwa na kompyuta. Antena haina makosa. Saa ya kompyuta imepotea kwa sekunde kadhaa, ilinganishe na intaneti, juu WSPR inaanza kila dakika shufwa na haingoji mtu. Daili iwe 136.000 kHz kwa USB (modi ya sauti ya upande wa juu, si ile ya kebo), ama 474.200 kwa bendi ile ingine. Na lokata, yaani alama ya gridi ya pale uko, uweke ya kwako: Kisumu ni KI79, Nakuru KI89, lakini ukivuka ikweta hapo Maseno ukaenda juu Kakamega inakuwa KJ70, wengi wanaiacha ya zamani na umbali unatoka vibaya.